Mbwa Aliyezaliwa na Sheria: Historia ya Lacha na Sungura wa Uingereza

Mwaka 1570, daktari wa Cambridge aitwaye John Caius alichapisha kitabu kidogo cha Kilatini kuhusu mbwa wa Uingereza. Aliwapanga kwa kazi zao: wa kunusa, wa kukimbiza, wa kuchunga, wa kupakatwa na mabibi wa kitajiri. Miongoni mwao akamweka mmoja aliyemwita mbwa mwizi. Huyu, alieleza Caius, hutoka usiku kwa amri ya bwana wake, huwafuata sungura kwa harufu inayoletwa na upepo, habweki hata mara moja, huwanyakua kadiri bwana wake anavyomruhusu, kisha humpelekea pale alipojificha.

Mbwa huyo ndiye babu wa lacha, mbwa ambaye mpaka leo hana cheti cha ukoo wala nafasi katika daftari la aina za mbwa la Kennel Club, chama cha mbwa cha Uingereza. Lacha ni chotara wa makusudi. Upande mmoja wa nasaba yake ni mbwa wa mbio, mara nyingi greihaundi au wipeti. Upande wa pili ni mbwa wa kazi, ama koli anayechunga kondoo, ama teria. Wa kwanza humpa kasi, wa pili humpa akili, ngozi ngumu na moyo wa kusikiliza. Ukiuliza ni nani aliyemuumba, wengi watakutajia majangili wa vijijini na watu wa jamii ya Roma waliokuwa wakihamahama na magari yao ya farasi. Jibu hilo lina ukweli, lakini ni nusu yake tu. Aliyemuumba hasa ni bunge, na kila sheria mpya iliyotungwa ili kumkomesha ilimwongezea sifa moja.

Kabla ya mbwa, tuanze na sungura. Anayezungumzwa hapa si ndugu wa sungura wa mbuga zetu, yule anayelala juu ya ardhi na kutegemea miguu yake. Huyo Waingereza wanaye pia, na hapa tutamwita kitungule. Sungura wa historia hii huishi kwa makundi ndani ya mashimo anayoyachimba mwenyewe, na asili yake ni Hispania na Ureno. Warumi walifika naye Uingereza, lakini waliomweneza hasa ni Wanormani, na kufikia karne ya 12 na ya 13 alikuwa anafugwa visiwani na katika mashamba maalumu ya makabaila na watawa.

Mwanzoni alikuwa mnyama dhaifu. Mvua na baridi vilimtesa, na katika sehemu nyingi alijengewa matuta ya udongo laini ili apate pa kuchimba. Alithaminiwa kwa nyama na kwa ngozi yake yenye manyoya, na bei ya mmoja ilizidi ya kuku mara nne au tano. Haki ya kuwafuga na kuwawinda ilitolewa na mfalme. Huko Thetford, katika jimbo la Norfolk, bado limesimama jengo la mawe la ghorofa moja lililojengwa karibu mwaka 1400 kwa ajili ya mlinzi wa sungura wa watawa. Mlinzi aliishi juu. Chini alihifadhi nyavu, mitego na ngozi. Kuta zake ni nene kama za ngome, na sababu ni kwamba walioijia mali hiyo usiku walikuja kwa makundi, wakiwa na silaha.

Sheria za misitu za wafalme zilikuwa tayari zimemtazama mbwa wa mtu wa chini kwa jicho baya. Mkataba wa Msitu wa mwaka 1217, ambao ulitolewa kupunguza ukali wa sheria hizo, bado uliruhusu mbwa wanaoishi katika maeneo ya misitu ya mfalme wakatwe kucha tatu za mguu wa mbele, wasiweze kufukuza swala wake. Huo ndio uliokuwa upole.

Mwaka 1381 wakulima wa Uingereza waliasi, wakaingia London na kumuua Askofu Mkuu wa Canterbury. Uasi ulizimwa, lakini hofu ilibaki vifuani mwa wenye ardhi. Miaka tisa baadaye, mwaka 1390, bunge la Richard wa Pili lilitunga sheria ya kwanza iliyoifanya haki ya kuwinda itegemee mali ya mtu. Mtu wa kawaida asiye na ardhi ya kumwingizia shilingi 40 kwa mwaka, na kasisi asiye na kipato cha pauni 10, wote walikatazwa kufuga mbwa wa kuwinda, fereti, nyavu na vifaa vingine vya kunasia kitungule na sungura. Walioitunga walieleza sababu zao waziwazi: mafundi na vibarua, walisema, huenda kuwinda siku za ibada wakati Wakristo wema wako kanisani, na huko porini hupanga njama za kuasi.

Kwa hiyo tangu mwanzo suala halikuwa sungura peke yake. Lilikuwa mtu maskini mwenye mbwa, anayetembea usiku mahali ambapo haonekani.

Kiwango hicho cha mali kilipanda kadiri miaka ilivyopita. Sheria ya mwaka 1671 ilidai ardhi ya umiliki kamili ya kumwingizia mtu pauni 100 kwa mwaka, na iliwapa walinzi wa mawindo uwezo wa kupekua nyumba za wasio na sifa hiyo na kuwanyang'anya bunduki, nyavu, fereti na mbwa. Ili kumpigia kura mbunge wa jimbo, mtu alihitaji ardhi ya shilingi 40 tu, yaani pauni 2. William Blackstone, mwanasheria mashuhuri wa karne ya 18, alishangaa kwa maandishi kwamba kumuua ndege kware kulihitaji mali mara 50 ya ile iliyohitajika kumchagua mbunge. Chini ya Malkia Anne, mwanzoni mwa karne hiyo, lacha alitajwa kwa jina katika sheria, pamoja na greihaundi na nyavu, kuwa ni chombo cha kuharibia mawindo.

Sasa tazama sheria hizo zilivyofanya kazi ya mfugaji. Mbwa wa mbio safi alijulikana kwa umbo lake kutoka mbali, na kibarua aliyeonekana naye alikuwa amejishtaki mwenyewe. Akazalishwa na mbwa wa wachungaji. Watoto wakatoka na manyoya machafuchafu na rangi ya majani makavu. Mchana, mlangoni pa kibanda, walionekana kama mbwa yeyote wa kuswaga kondoo. Mlinzi wa mawindo alisikiliza usiku; akachaguliwa mbwa asiyebweka. Mtego wa waya uliachwa shambani mpaka asubuhi, na mlinzi angeweza kujibanza kando yake amsubiri mwenyewe. Mbwa aliua, akaleta, akaondoka na bwana wake bila kuacha ushahidi.

Thomas Bewick wa Newcastle, mchonga picha za mbao, alimchora na kumweleza lacha katika kitabu chake cha wanyama cha mwaka 1790. Alimtaja kuwa mdogo kuliko greihaundi, mwenye miguu ya nguvu na manyoya ya kukwaruza ya rangi ya njano iliyopauka, mwenye pua kali. Akipelekwa kwenye shamba la sungura, alisema, hunyemelea kwa tahadhari kubwa, huwavizia wakila, kisha huwarukia bila sauti. Zaidi ya miaka 200 ilikuwa imepita tangu Caius, na maelezo yalikuwa yaleyale.

Adhabu nazo zilipanda. Sheria Nyeusi ya mwaka 1723 ilimpeleka kwenye kitanzi mtu aliyekamatwa akiiba sungura kwenye shamba lao huku amepaka uso masizi au amebeba silaha. Mwaka 1828 ikaja sheria ya ujangili wa usiku, iliyohusu hata sungura: kosa la kwanza kifungo cha hadi miezi mitatu na kazi ngumu, la pili hadi miezi sita, la tatu mtu angeweza kupelekwa uhamishoni ng'ambo miaka saba. Ng'ambo siku hizo maana yake ilikuwa Australia. Wapo waliovuka bahari kwa sababu ya mnyama wa kitoweo.

Wengi wao walikuwa vibarua wa mashambani waliokuwa na watoto wa kulisha. James Hawker, aliyezaliwa Daventry mwaka 1836 katika umaskini mkubwa, alikuwa jangili maisha yake yote na hakuwahi kuona haya. Uzeeni, huko Oadby katika jimbo la Leicestershire, alichaguliwa kwenye baraza la kijiji, na kumbukumbu alizoziandika kwa mkono wake zilichapishwa kitabu mwaka 1961. Kwake, wezi halisi walikuwa wale waliozungushia uzio mali ya umma, si yule aliyeruka uzio huo kutafuta chakula.

Sheria ya mwaka 1862 iliwaruhusu polisi kumsimamisha mtu barabarani na kumpekua kama walimshuku anatoka kwenye shamba la mtu. Wazee wa fani hii husimulia kwamba lacha aliyefunzwa sawasawa alilijua hilo: akisikia hatua za mgeni njiani, alijipenyeza kwenye ua wa miti na kurudi nyumbani kivyake, na bwana wake akakutwa akitembea mikono mitupu kama mtu anayepunga hewa.

Kwa mwindaji halali mambo yalilegea polepole. Mwaka 1831 kigezo cha ardhi kilifutwa na badala yake vikaja vibali vya kulipia. Mwaka 1880 mkulima mpangaji alipewa haki ya kuwaua sungura na vitungule wanaokula mazao yake, haki ambayo mwenye ardhi hakuweza kumnyang'anya hata kwa mkataba. Wakati huo sungura alikuwa amekwisha kugeuka kutoka mali ya watawa hadi balaa la mashamba. Kaskazini, wachimba makaa ya mawe waliwafuga wipeti, mbwa wadogo wa mbio walioshindanishwa kufukuza sungura na baadaye kukimbilia kitambaa kilichopungwa na bwana zao mwisho wa uwanja. Kennel Club ilimtambua wipeti mwanzoni mwa miaka ya 1890. Alipochanganywa na teria wa Bedlington, mbwa wa vijiji hivyohivyo vya migodi, alipatikana lacha mdogo, mgumu, asiyeogopa miiba.

Malezi ya mbwa hawa hayakuandikwa sana kwa karne nyingi, kwa sababu waliokuwa na ujuzi hawakuwa na sababu ya kuutangaza. Miaka ya 1970 ndipo vitabu vilipoanza kutoka mfululizo. Aliyesomwa sana ni David Brian Plummer, mwalimu wa shule aliyependa kuwinda panya kwa mbwa wake. Kitabu chake kikubwa kuhusu lacha kilitoka mwaka 1979. Wakati huohuo yalianza maonyesho ya malacha mashambani, na mbwa aliyekuwa akifichwa akaanza kupewa vikombe.

Wahenga walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na lacha ni ushahidi wa methali hiyo. Huchukuliwa kwa mama yake akiwa na umri wa wiki nane hivi. Somo la kwanza ni kuleta, na hufundishwa ndani ya nyumba, kwenye ujia mwembamba ambao mwisho wake mmoja umefungwa. Bwana huketi upande ulio wazi na kurusha ngozi ya sungura iliyoviringishwa. Mtoto wa mbwa huikimbilia, huinyakua, hugeuka, na hakuna njia nyingine ila kurudi kwa bwana wake. Hasemwi vibaya, hafukuzwi, wala hanyang'anywi kwa nguvu. Hupokewa kwa sifa. Akianza kuchoka, mchezo husimama. Mbwa aliyefundishwa hivyo, akikua, humleta sungura akiwa mzima mkononi, hajatobolewa hata kwa jino. Aliyeharibiwa hapa atazunguka na windo lake mita 20 kutoka kwa mwenyewe usiku kucha.

Somo la pili ni mifugo. Mbwa huyu ana damu ya kukimbiza, na kondoo anayekimbia ni mtihani. Hutembezwa kati ya kondoo akiwa na ukamba shingoni, siku baada ya siku, mpaka aone kwamba hawana maana. Vivyo hivyo kuku na paka. Mkulima wa Uingereza anayemkuta mbwa akisumbua kondoo wake anaweza, kwa masharti ya sheria, kumpiga risasi, na hakuna atakayemruhusu tena mwenye mbwa huyo kukanyaga shambani kwake.

La tatu ni fereti. Mnyama huyu mwembamba mrefu, wa ukoo wa kicheche, amefugwa tangu zamani za kale ili aingizwe kwenye mashimo kuwatoa sungura. Mtoto wa lacha hukuzwa jirani na kizimba chake, wazoeane harufu, ili siku fereti atakapochungulia shimoni mbwa asimuue kwa kumdhania windo.

Mifupa hungojwa ikomae. Lacha asiyetimiza mwaka hapelekwi kwenye mbio nzito, na sungura wake wa kwanza huchaguliwa kwa uangalifu, walio mbali na mashimo na rahisi kufikiwa. Mbwa anayeshindwa mara kwa mara akiwa mchanga huanza kulia anapokimbiza, na tabia hiyo ikishaota haing'oki. Kwa lacha, kulia mbioni ni aibu kubwa kuliko zote.

Mbwa aliyehitimu utamjua asubuhi ya baridi, kazi inapoanza. Hupita juu ya mashimo bila haraka, akiinusa midomo yake mmoja baada ya mwingine. Kwenye shimo tupu hasimami. Kwenye lenye sungura ndani hukakamaa, kichwa ameinamisha upande mmoja, mguu wa mbele umeinuliwa, masikio yakisikiliza chini ya ardhi. Bwana huamini bila kubishana, kwa kuwa mbwa anayepuuzwa akisema kweli huacha kuisema. Nyavu ndogo hutandazwa juu ya kila tundu na kukazwa kwa vijiti. Fereti huingizwa. Kimya. Kisha husikika mshindo wa miguu chini ya udongo, wavu mmoja unaruka na kujifunga wenyewe, na sungura yumo ndani yake akipiga mateke. Kwenye tundu lililosahaulika, lacha ndiye wavu.

Kazi ya pili ni ya usiku wa giza na upepo, kwa kurunzi kubwa iliyounganishwa na betri inayobebwa begani. Mwanga humkuta sungura akila mbali na shimo. Mbwa huachiwa kutoka kwenye ukamba na kukimbia ndani ya mwale huo, akigeuka kila sungura anapogeuka. Mambo huisha kwa muda mfupi sana, na kurunzi huzimwa ili mbwa arudi bila kufukuza mwingine.

Ilikaribia yote haya yakome. Mwaka 1859 mlowezi Thomas Austin aliwaachia sungura kutoka Uingereza kwenye shamba lake la Barwon Park, katika jimbo la Victoria, Australia, nchi ileile walikopelekwa majangili. Walizaana mpaka wakawa janga la taifa, na mwaka 1950 serikali ya huko ikawaachia virusi vya ugonjwa wa miksomatosisi. Miaka miwili baadaye daktari wa Kifaransa, Paul-Félix Armand-Delille, aliwaambukiza sungura wawili kwenye shamba lake la Maillebois ili awapunguze. Ugonjwa ukaruka ukuta wa shamba, na mwaka 1953 ukaonekana katika jimbo la Kent, kusini mashariki mwa England. Huko ulienezwa na viroboto, na pia na wakulima waliobeba sungura wagonjwa kwenda kuwaachia mashambani kwao, mpaka bunge likalifanya jambo hilo kosa mwaka 1954. Ndani ya miaka miwili au mitatu walikuwa wamekufa zaidi ya asilimia 95 ya sungura wa nchi nzima. Walionekana barabarani wakiwa vipofu, kope zimevimba, wasikimbie hata walipokanyagwa. Hakuna aliyetaka kuwala. Wengi waliacha kufuga malacha, na fani ilihifadhiwa na wachache mpaka sungura wenye kinga walipoongezeka tena.

Pigo la mwisho lilitarajiwa kutoka bungeni. Sheria ya Uwindaji ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika England na Wales tarehe 18 Februari 2005, ilipiga marufuku kumwinda mnyama pori kwa mbwa. Mbweha wa mabwana wenye makoti mekundu aliingia humo. Vitungule waliofukuzwa na greihaundi kwenye Kombe la Waterloo, shindano la wakubwa lililoanza mwaka 1836, waliingia pia, na kombe lenyewe likafa mwaka huohuo. Lakini orodha ya misamaha ilikuwa na wanyama wawili ambao mbwa bado angeruhusiwa kuwakimbiza hadi mwisho: panya na sungura. Sheria ni msumeno, na safari hii ulikata upande wa mabwana.

Msamaha huo una sharti moja. Ardhi iwe ya mwindaji mwenyewe, au awe amepewa ruhusa na anayeimiliki au anayeitumia. Bila ruhusa, mtu na lacha wake ni majangili kama zamani, na anayeingia shamba la mtu kumfukuza kitungule anaweza kufungwa jela hadi miezi sita kwa sheria ya mwaka 2022. Miaka zaidi ya 600 baada ya Richard wa Pili, kijana wa mjini anayetaka kumfunza lacha hahitaji tena shilingi 40 za ardhi, wala pauni 100. Anahitaji kubisha hodi kwa mkulima, mchana kweupe, na kuomba. Hilo ndilo somo la kwanza, na linamhusu yeye kabla ya mbwa.